Kwa nini mtu mzima apasuliwe moyo? Tuifahamu hitilafu ya Ebstein

Katika kikao kimoja cha kamati ya afya na diakonia, tulipokuwa tukipitia maombi ya msaada wa matibabu, tulifika kwenye faili la mama mmoja mwenye umri wa miaka 34. Barua ya daktari ilisema kwamba ana ugonjwa wa moyo wa kuzaliwa nao uitwao hitilafu ya Ebstein, na kwamba anapendekezwa kufanyiwa upasuaji. Mzee mmoja wa kanisa, ambaye kwa miaka mingi amekuwa mlinzi mwaminifu wa mfuko wetu, aliuliza: "Kama amezaliwa nao, ameishi nao miaka yote hiyo na amejifungua watoto wawili, kwa nini fedha hizi tusiwawekee watoto wachanga?" Mjumbe mwingine akaongeza: "Na kama ni valvu mbovu, si ibadilishwe tu iwekwe ya chuma, kama alivyowekewa yule kijana wa mwaka juzi?"

Maswali yote mawili ni ya haki. Nikiri kwamba siku ile sikuwa na jibu, na faili likaahirishwa. Mimi si daktari. Nilichosomea ni mipango ya maendeleo. Tangu siku hiyo nimewasumbua madaktari, nimesoma nilichoweza kukipata, na nimejaribu kuyaweka hapa yale ambayo ningependa kamati za sharika na wafadhili wetu wayajue kabla faili kama hili halijafika tena mezani.

Nyumba yenye pazia lililotundikwa pasipo pake

Moyo wa binadamu una vyumba vinne: viwili vya juu vya kupokea damu, na viwili vya chini vya kuisukuma. Upande wa kulia hupokea damu iliyokwisha kutumika mwilini na kuipeleka kwenye mapafu ikachukue oksijeni. Upande wa kushoto huipokea kutoka mapafuni na kuisambaza mwili mzima. Kati ya chumba cha juu na cha chini upande wa kulia pana valvu iitwayo trikaspidi, yaani valvu yenye mapazia matatu. Kazi yake ni kuruhusu damu ishuke, kisha kufunga ili damu isirudi juu wakati chumba cha chini kinapojikaza.

Mtoto anapoumbwa tumboni, mapazia hayo hutokana na nyama ya ukuta wa chumba cha chini. Hubanduka kidogo kidogo kutoka kwenye ukuta, kama maganda ya mgomba yanavyoachana na shina. Kwa mwenye hitilafu ya Ebstein kubanduka huko hakukukamilika. Pazia lililo upande wa ukuta wa kati, na lile la nyuma, yamebaki yameshikamana na ukuta, na mahali yanapoanzia pameteremka ndani ya chumba cha chini. Pazia la mbele kwa kawaida limebanduka, lakini ni kubwa kupita kiasi, limetanda kama tanga, na mara nyingine limefungwa na nyuzi mahali pasipotakiwa.

Daktari mmoja alinieleza kwa mfano wa nyumba. Chukua nyumba ya vyumba viwili, na pazia la mlango linalotakiwa kuning'inia kwenye fremu katikati ya vyumba hivyo. Sasa mwenye nyumba amelitundika hatua kadhaa ndani ya chumba cha pili. Chumba cha kwanza kimepata nafasi isiyo yake, cha pili kimepungua, na pazia lenyewe halifiki kwenye kingo za mlango. Hivyo ndivyo moyo huu ulivyo. Sehemu ya chumba cha kusukuma imegeuka kuwa ukumbi mwembamba usiosukuma chochote, na kila pigo la moyo linarudisha nyuma sehemu ya damu ambayo ingekwenda mapafuni.

Madaktari wana kipimo cha kuthibitisha. Pazia la ukuta wa kati likiwa limeteremka kwa milimita 8 au zaidi kwa kila mita ya mraba ya eneo la mwili wa mgonjwa, ugonjwa huo unaitwa Ebstein. Kipimo kinachoonyesha hayo ni ECHO, kile cha mawimbi ya sauti, ambacho hakichomi wala hakiumi.

Ugonjwa huu ni wa nadra. Hukadiriwa kumpata takribani mtoto 1 kati ya 20,000 wanaozaliwa hai, na ni chini ya asilimia 1 ya magonjwa yote ya moyo ya kuzaliwa nayo. Kwa wagonjwa wengi chanzo chake hakijulikani. Dawa ya lithiamu, inayotolewa kwa baadhi ya wagonjwa wa akili, imewahi kushukiwa pale mama anapoitumia mwanzoni mwa ujauzito, lakini tafiti za baadaye zimeonyesha kwamba hatari hiyo ni ndogo kuliko ilivyodhaniwa zamani. Nimelazimika kuyaandika haya kwa sababu katika sharika zetu bado yapo maneno ya kurogwa na ya mama kulaumiwa. Hakuna aliyemkosea mtoto huyu.

Jina la ugonjwa lina historia yake. Mwaka 1866, katika mji wa Breslau uliokuwa chini ya Prussia, ambao leo ni Wrocław nchini Poland, daktari kijana Wilhelm Ebstein alichapisha maelezo ya moyo wa kibarua mwenye umri wa miaka 19 aliyeitwa Joseph Prescher. Kijana huyo alikuwa ameteseka tangu utotoni kwa kuishiwa pumzi na kwa mapigo ya moyo kwenda mbio. Alipofariki, Ebstein aliufungua moyo wake na kueleza kwa makini jinsi mapazia ya valvu yalivyokuwa. Kwa miongo mingi iliyofuata, ugonjwa huu ulitambuliwa zaidi kwenye uchunguzi wa maiti kuliko kwa mgonjwa aliye hai.

Imekuwaje akafika miaka 34?

Hapa ndipo lilipo jibu la swali la kwanza. Hitilafu ya Ebstein haina sura moja. Ikiwa kali sana, mtoto anaweza kufia tumboni au siku chache baada ya kuzaliwa. Ikiwa nyepesi, mtu anaweza kuzeeka nayo bila kujua. Katikati lipo kundi la watu wanaokua, wanaolima, wanaooa na kuolewa, na ambao moyo wao unachoka taratibu kiasi kwamba hata wao wenyewe hawaoni mabadiliko.

Mama tunayemzungumzia ni mfano mzuri. Kwa miaka mingi alitibiwa pumu katika kituo kimoja cha afya, akapewa dawa za kuvuta ambazo hazikumsaidia. Hakuwa mtu wa kulalamika. Alijizoesha kuondoka nyumbani nusu saa kabla ya wenzake ili apumzike mara tatu kwenye mlima wa kanisani. Aliacha kwaya, akasema ni kwa sababu ya watoto. Ukimwuliza kama anaumwa, anasema hapana. Daktari aliyemgundua hakumwuliza anaumwa nini, bali alimwuliza ni kazi gani alizokuwa akizifanya miaka mitano iliyopita ambazo leo hazifanyi. Orodha ilikuwa ndefu.

Dalili za watu wazima ni kuchoka, kuishiwa pumzi wakati wa kazi, na mapigo ya moyo kwenda mbio ghafla bila sababu. Hilo la mapigo lina maelezo yake. Takribani mgonjwa mmoja kati ya watano au sita ana njia ya ziada ya umeme kati ya vyumba vya moyo, na umeme ukipita huko moyo hukimbia. Aidha, chumba cha juu kilichotanuka kwa miaka mingi huanza chenyewe kupiga ovyo. Wengine hufikishwa hospitali wakiwa wamezirai.

Wengi wao pia wana tundu katika ukuta unaotenganisha vyumba viwili vya juu. Shinikizo likiwa kubwa upande wa kulia, damu isiyo na oksijeni hupenya kwenye tundu hilo na kuingia moja kwa moja upande wa kushoto. Matokeo yake midomo na kucha huwa na rangi ya bluu; kwa sisi wenye ngozi nyeusi ni vema kuangalia ulimi na ndani ya midomo. Hatari kubwa zaidi ni kwamba bonge dogo la damu iliyoganda, ambalo kwa kawaida lingechujwa na mapafu, linaweza kupitia hapo likafika kwenye ubongo na kuleta kiharusi. Vijidudu navyo vinaweza kupita njia hiyo hiyo na kusababisha jipu la ubongo. Kwa hiyo, kijana anapopata kiharusi katika mtaa wetu, si kila mara chanzo ni presha.

Sasa turudi kwa mzee wetu wa kanisa. Kuishi miaka 34 na moyo huu hakumaanishi kwamba moyo umeuzoea. Kila mwaka valvu inayovuja inakitanua chumba cha kulia, na kuta zake zinazidi kuwa nyembamba na dhaifu. Upasuaji ukifanyika wakati chumba hicho bado kina nguvu, kinaweza kupungua ukubwa na kufanya kazi vizuri zaidi. Ukicheleweshwa hadi miguu na tumbo vimejaa maji na ini limevimba, hatari ya mgonjwa kufia mezani inaongezeka, na hata akipona, misuli iliyokwisha kuchakaa hairudi yote.

Mwongozo wa vyama vya madaktari wa moyo vya Marekani uliotolewa mwaka 2018 unaeleza wazi mtu mzima anapostahili upasuaji. Kwanza valvu iwe inavuja kwa kiasi kikubwa, na pamoja na hilo awe na dalili za moyo kushindwa kazi, au vipimo vionyeshe kwamba uwezo wake wa kufanya mazoezi unashuka, au kwamba chumba cha kulia kinazidi kudhoofika. Unaongeza kwamba inafaa pia kuufikiria upasuaji pale chumba kinapozidi kutanuka, oksijeni inaposhuka kwa sababu ya tundu, bonge la damu linapokwisha kupenya, au mapigo ya chumba cha juu yanapovurugika. Asiye na dalili wala mabadiliko huangaliwa kila mwaka na kuachwa. Si kila mwenye Ebstein apasuliwe. Lakini aliyeanza kushuka mlima asisubiri afike bondeni.

Kutoka valvu ya kuwekewa hadi valvu yake mwenyewe

Swali la pili, lile la valvu ya chuma, lilinichukua muda mrefu zaidi. Nitalijibu kwa kufuata hatua ambazo madaktari wenyewe walipitia.

Mwaka 1958 Hunter na Lillehei wa Minnesota, Marekani, walipendekeza namna ya kuirekebisha valvu hii. Mwaka 1963, katika mji wa Cape Town, Christiaan Barnard na mwenzake Schrire walitoa taarifa ya kuiondoa na kuweka ya bandia. Huyu ndiye Barnard ambaye mwaka 1967 alikuja kujulikana dunia nzima kwa kupandikiza moyo. Wakati huo kubadilisha valvu kulionekana kuwa njia ya uhakika kuliko kuhangaika na mapazia yaliyoshikamana.

Kuanzia mwaka 1972, Gordon Danielson wa Mayo Clinic huko Marekani alirudi kwenye wazo la kurekebisha. Alikunja ile sehemu ya chumba isiyofanya kazi, akalitumia pazia kubwa la mbele kama mlango wa ubao mmoja unaofunga peke yake. Mwaka 1988 Alain Carpentier wa Paris alichapisha njia yake ya kulibandua pazia la mbele na kulirudisha kwenye nafasi yake halisi. Njia zote mbili zilisaidia wengi, lakini ziliegemea pazia moja kufanya kazi ya matatu, na valvu nyingi ziliendelea kuvuja kwa kiasi fulani.

Mwaka 1993, katika jiji la São Paulo nchini Brazil, José Pedro da Silva alianza upasuaji ambao sasa unajulikana kama upasuaji wa koni. Mwaka 2007 yeye na wenzake walichapisha matokeo ya wagonjwa 40 waliofanyiwa kati ya mwaka 1993 na 2005. Mgonjwa mmoja alifia hospitalini, na hakuna aliyelazimika kubadilishiwa valvu. Tangu hapo njia hii imesambaa katika vituo vikubwa duniani, kwa watoto na kwa watu wazima.

Kinachofanyika ni hiki. Kifua kinafunguliwa kwa kupasua mfupa wa katikati. Damu inaelekezwa kwenye mashine inayofanya kazi ya moyo na mapafu, na moyo unasimamishwa kwa dawa. Daktari anafungua chumba cha juu cha kulia na kuanza kubandua mapazia: la mbele, la nyuma, na kiasi chochote kitakachopatikana cha lile la ukuta wa kati. Ile kazi ya kubanduka ambayo haikumalizika tumboni anaimaliza yeye kwa mkasi. Kisha anayazungusha mapazia hayo na kuyashona yenyewe kwa yenyewe hadi yanakuwa duara kamili, mdomo mpana juu na mwembamba chini, kama koni ya aiskrimu iliyokatwa ncha. Ule ukumbi mwembamba usiosukuma kitu anaukunja na kuushona. Mlango uliotanuka anaupunguza, na koni anaishona kwenye fremu ya mlango, pale pazia lilipotakiwa kuwa tangu mwanzo. Kwa watu wazima mara nyingi huongezwa pete ya kuimarisha mlango huo ili usitanuke tena.

Sehemu mbili zinahitaji mkono mwangalifu mno. Mshipa wa kulia unaolisha moyo unapita karibu kabisa na fremu ya valvu, na sindano ikiuvuta moyo unakosa damu. Vilevile pale karibu na ukuta wa kati pana kituo cha umeme wa moyo. Kikiguswa vibaya, mgonjwa atahitaji kifaa cha kuongoza mapigo maisha yake yote. Ndiyo maana madaktari wanasisitiza kwamba kazi hii ifanywe na wapasuaji waliobobea katika magonjwa ya moyo ya kuzaliwa nayo. Kubobea katika valvu zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi, ambazo ndizo nyingi kwetu, hakutoshi.

Warfarini na safari ya maabara

Kwa nini basi tusichague njia rahisi ya valvu ya chuma? Kwa sababu urahisi wake unaishia mezani. Anayewekewa valvu ya chuma hunywa warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, kila siku hadi mwisho wa maisha yake. Ikizidi, mgonjwa anavuja damu. Ikipungua, valvu inaziba. Upande wa kulia wa moyo damu hutembea kwa mwendo wa pole, kwa hiyo valvu ya chuma huziba huko kwa urahisi zaidi kuliko upande wa kushoto. Ili kujua kama dozi ni sahihi, lazima apime INR, kipimo cha damu kinachoonyesha inavyoganda, mara kwa mara, mwanzoni kila wiki na baadaye walau kila mwezi. Dozi hubadilishwa na dawa nyingine anazokunywa, na hata na mboga. Mchicha na kisamvu vina vitamini K inayoipunguza nguvu, kwa hiyo anatakiwa ale kiasi kinacholingana siku zote. Niwaulize wajumbe: ni nani katika vijiji vyetu anayekula kiasi kile kile cha mchicha masika na kiangazi?

Yule kijana wa mwaka juzi anaishi umbali wa saa nne kwa basi kutoka maabara inayopima INR. Nauli ya kwenda na kurudi kila mwezi haikuwemo kwenye bajeti tuliyoipitisha. Tulilipia valvu na tukasahau miaka arobaini inayofuata. Kosa hilo lilikuwa letu sisi waratibu, na mimi nikiwemo.

Kwa mwanamke aliye katika umri wa kuzaa jambo hili ni zito zaidi. Warfarini inaweza kumdhuru mtoto, hasa katika wiki za mwanzo za ujauzito, na kuiacha kunamweka mama mwenye valvu ya chuma katika hatari ya valvu kuziba.

Ipo valvu ya tatu, ile ya nyama, inayotengenezwa kutoka kwenye valvu ya nguruwe au utando wa moyo wa ng'ombe. Pale ambapo mapazia ya mgonjwa yameharibika kiasi cha kutorekebishika, madaktari wengi huichagua hii badala ya chuma katika nafasi ya trikaspidi. Haihitaji warfarini ya maisha, ila huchakaa kwa miaka, na kwa vijana huchakaa upesi zaidi. Leo inawezekana kuweka valvu mpya ndani ya ile iliyochakaa kwa kupitia mshipa wa paja bila kufungua kifua tena, ingawa gharama yake ni kubwa.

Aliyetengenezewa koni ana nyama yake mwenyewe. Hahitaji kunywa warfarini maisha yake yote kwa ajili ya valvu hiyo, isipokuwa kama mapigo yake yamevurugika au ana sababu nyingine. Kwa mtu wa mjini mwenye maabara mtaani kwake, tofauti hiyo ni ya starehe kidogo. Kwa mtu wa milimani kwetu inaweza kuwa ndiyo tofauti ya kuishi. Haya ni maoni yangu, lakini daktari wa moyo niliyemwonyesha hakuyapinga.

Tundu lisifungwe kwa pupa

Mfadhili mmoja aliniandikia akiuliza kama fedha zake zinaweza kulipia tu kuziba tundu, kwa kuwa alisikia kwamba siku hizi linazibwa bila kufungua kifua. Kwa baadhi ya wagonjwa wa Ebstein hilo linawezekana. Lakini kama chumba cha kulia ni dhaifu, tundu lile ndilo linalompunguzia mzigo, mithili ya tundu la kutolea mvuke kwenye sufuria. Ukiliziba, damu yote inalazimika kupita kwenye chumba kisichoiweza, na moyo unashindwa. Kwa sababu hiyo wapasuaji wengine huacha upenyo mdogo makusudi.

Chumba kikiwa dhaifu zaidi, huongezwa upasuaji uitwao Glenn. Mshipa mkubwa unaoleta damu kutoka kichwani na mikononi huunganishwa moja kwa moja na mshipa wa mapafu, na chumba cha kulia kinabaki na damu ya sehemu ya chini ya mwili tu. Kwa mtu mzima hilo linapunguza takribani theluthi moja ya mzigo wake. Na kama kuna njia za ziada za umeme, inafaa zitafutwe na kuchomwa kwa waya maalumu kabla ya upasuaji, kwa kuwa baada ya koni na Glenn ni vigumu zaidi kuzifikia.

Yanayoihusu kamati

Hapa nchini, upasuaji wa kufungua moyo ulianza Muhimbili mwaka 2008, na tangu mwaka 2015 unafanywa na Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete jijini Dar es Salaam, ambayo pia hupokea timu za wataalamu kutoka nje katika kambi maalumu za upasuaji. Kwa ugonjwa wa nadra kama huu, jopo la madaktari ndilo huamua kama mgonjwa afanyiwe hapa, asubiri kambi, au apelekwe nje. Kamati isianze kutafuta hospitali ya India kabla jopo halijakaa. Tumewahi kufanya hivyo, tukapoteza miezi.

Katika faili tunataka kuona majibu ya ECHO ya karibuni, kipimo cha umeme wa moyo, kiwango cha oksijeni, na maoni ya daktari bingwa kuhusu nguvu ya chumba cha kulia. Barua isemayo tu "tatizo la valvu" haitoshi, kwa kuwa kama tulivyoona, valvu moja ina upasuaji wa aina nne.

Bajeti nayo iangalie mbali. Upasuaji huu unahitaji damu, na ndugu huombwa kuchangia. Mfupa wa kifua huchukua takribani miezi mitatu kupona sawasawa. Katika kipindi hicho mgonjwa hashiki jembe, habebi ndoo ya maji wala mtoto mgongoni. Mama wa watoto wawili akirudi kwenye nyumba isiyo na msaidizi, atabeba ndoo wiki ya tatu, tupende tusipende. Baada ya hapo ataonwa na daktari wa moyo kila mwaka maisha yake yote, hata akijisikia mzima, kwa sababu koni inaweza kuanza kuvuja na mapigo yanaweza kuvurugika miaka mingi baadaye. Nauli ya safari hizo iandikwe tangu siku ya kwanza.

Faili la mama yule lilirudi kwenye kikao cha robo hii likiwa na majibu mapya ya ECHO. Chumba cha kulia kimetanuka kuliko mwaka jana, lakini nguvu yake bado ni ya kuridhisha, na jopo limependekeza koni. Mzee wetu wa kanisa alisoma barua mara mbili, akauliza chupa za damu zinazohitajika ni ngapi na nani atakayemchotea maji. Umoja wa wanawake wa mtaa wake umejipangia zamu ya wiki kumi na mbili, na vijana kumi na wanne wamejiandikisha kuchangia damu. Kinachosubiriwa ni tarehe.